Leakey, Kamera na Mali Bila Daftari

Wahenga walituonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa sana pale tunapozungumzia duka lililofilisika au chama cha ushirika kilichoibiwa na maafisa wake. Ni nadra kuihusisha na taaluma, seuze na picha na kamera. Hata hivyo, katika historia ya nchi yetu yumo msomi mmoja ambaye maisha yake yanaithibitisha methali hiyo kuliko ya mwingine yeyote. Msomi huyo ni Louis Leakey, na mahali alipofunzwa somo hilo kwa uchungu ni ufuo wa Ziwa Victoria, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Homa Bay.

Jina la Leakey halihitaji kutambulishwa kwa mwalimu wala mwanafunzi wa historia. Tatizo ni kwamba vitabu vyetu vya kiada humfupisha mno. Mwanafunzi hufundishwa kwamba Leakey alichimba Olduvai, akapata fuvu, akawa maarufu. Kati ya Kabete alikozaliwa na Olduvai alikopatia sifa kuna kisa cha Kanam, na kisa hicho ndicho chenye mafunzo mengi zaidi kwa kijana wa shule ya upili kuliko fuvu lolote.

Louis Seymour Bazett Leakey alizaliwa Kabete tarehe 7 Agosti 1903. Wazazi wake walikuwa wamisionari wa Kianglikana, na baba yake, Harry Leakey, alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi kubwa ya kutafsiri Biblia kwa lugha ya Kikuyu. Mtoto huyo alikua akicheza na watoto wa Kikuyu, akakiongea Kikuyu kama lugha yake ya kwanza, akatiwa katika rika pamoja na wenzake, na hata akajijengea nyumba yake mwenyewe kama ilivyowapasa vijana wa umri wake. Bado alikuwa mvulana alipopata kitabu kilichoeleza habari za watu wa zama za mawe. Akaanza kuokota vipande vya mawe meusi yanayong'aa katika mitaro na vijia vya Kabete. Wakubwa walimcheka. Mawe hayo yalipopelekwa kwa msimamizi wa makumbusho ya Nairobi, ikabainika kwamba kweli baadhi yalikuwa zana za kale. Tangu siku hiyo kijana alijua atakalofanya maishani.

Mwaka wa 1922 alikwenda Uingereza kusoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Hapa pana jambo linalotugusa sisi tunaofundisha isimu. Masharti ya chuo yalimtaka mwanafunzi wa lugha za kisasa awe na lugha mbili. Leakey alikuwa na Kifaransa, na kwa ya pili akaomba kutahiniwa kwa Kikuyu. Wakuu wa chuo walishangaa, lakini kanuni zao wenyewe hazikuikataza lugha hiyo. Alihitajika kuleta hati ya kuthibitisha umilisi wake, na inasimuliwa kwamba hati hiyo ilitoka kwa Chifu Koinange, ikiwa na alama ya kidole gumba chake. Kwa hiyo miongo mingi kabla ya sisi kuanza kubishana kuhusu hadhi ya lugha za Kiafrika vyuoni, lugha moja ya Kenya ilikwisha kukubaliwa Cambridge. Hati yenye alama ya kidole iliaminika kwa sababu ilionyesha wazi aliyeitoa na alichokithibitisha. Msomaji na alishike hilo, maana litarejea.

Masomo yake yalikatizwa na jeraha la kichwani alilolipata akicheza raga. Alipoambiwa apumzike, alijiunga na msafara wa kuchimba mifupa ya dinosaria kule Tendaguru, Tanganyika, mwaka wa 1924. Alirudi chuoni, akahitimu mwaka wa 1926, na papo hapo akaanza kuongoza misafara yake mwenyewe ya akiolojia katika Afrika Mashariki. Alichimba Elmenteita na maeneo ya Nakuru, akagundua mashoka ya mawe kule Kariandusi, na kufikia mwaka wa 1931 alikuwa Olduvai pamoja na Mjerumani Hans Reck. Wakati huo wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kwamba chimbuko la mwanadamu lilikuwa Asia. Leakey alishikilia kwamba ni Afrika. Wakati umeonyesha kwamba katika jambo hilo kubwa alikuwa sahihi. Kosa lake lilikuwa katika jambo dogo, na jambo hilo dogo nusura limwangamize.

Mwaka wa 1932 msafara wake ulipiga kambi katika Rasi ya Homa, chini ya Mlima Homa, katika nchi ya Karachuonyo. Sehemu mbili zilimvutia: Kanjera na Kanam. Kanjera yalipatikana mabaki ya mafuvu ya binadamu. Kule Kanam, mwishoni mwa mwezi wa Machi, mfanyakazi mmoja wa msafara aitwaye Juma Gitau alikuwa akivunja bonge la udongo mgumu lililotoka katika tabaka lenye mifupa ya wanyama wa kale sana. Ndani ya bonge hilo yakaonekana meno ya mtu. Liliposafishwa, likatokea kipande cha taya la chini lenye kidevu kinachofanana na cha binadamu wa leo. Tabaka lile lilikuwa la zamani mno. Ikiwa taya lilikuwa na umri sawa na tabaka hilo, basi historia nzima ya mwanadamu ingebidi iandikwe upya.

Leakey alifanya yale ambayo mtafiti wa wakati huo alitarajiwa kufanya. Alichomeka vigingi vya chuma ardhini kuonyesha mahali vitu vilipopatikana. Alipiga picha. Kisha akarejea Uingereza na hazina yake, akaipa jina la kisayansi, akatangaza kwamba amempata babu wa kale kabisa wa mwanadamu wa kweli. Mnamo Machi 1933 mkutano wa wataalamu ulifanyika Cambridge kuyachunguza madai hayo. Wengi walimkubali na kumpongeza. Hakuwa ametimiza miaka thelathini.

Si wote waliokubali. Percy Boswell, profesa wa jiolojia katika chuo cha Imperial mjini London, alikuwa na mashaka. Leakey, kwa ujasiri wa mtu anayejiamini, akamwalika aje Kenya ajionee mwenyewe. Boswell akawasili Januari 1935. Wakaenda Kanjera, wakaenda Kanam. Hapo ndipo maafa yalipomkuta kijana wetu. Vigingi vya chuma havikuwepo. Wenyeji walikuwa wameving'oa wavitumie kwa shughuli zao, maana chuma ni chuma, na mvuvi wa ziwani hakosi la kukifanyia. Mahali penyewe palikuwa hapajatiwa katika ramani yenye vipimo kamili. Mvua zilikuwa zimekata makorongo upya. Leakey alizunguka huku na huku asiweze kusema kwa yakini ni wapi hasa taya lilipotoka.

Ilibaki picha. Ole wake, picha nazo hazikuwepo. Kamera aliyoitumia mwaka wa 1932 ilikuwa na kasoro iliyopitisha mwanga ndani, na filamu zake zikaharibika. Kwa kukosa zake, alikuwa ametumia picha iliyopigwa na mwenzake katika msafara, nayo ikaonyeshwa London kama picha ya pale Kanam. Walipofika kwenyewe ikabainika kwamba picha ile ilikuwa ya mahali pengine kabisa, ufuoni hukohuko lakini si pale. Boswell alirudi London, na mwezi Machi 1935 akachapisha ripoti katika jarida la Nature akieleza kwamba ushahidi wa Leakey hauwezi kutegemewa.

Hebu tutafakari uzito wa jambo hili. Hakuna aliyesema kwamba Leakey alidanganya. Inawezekana pia kwamba hata kama kamera yake ingefanya kazi vyema, dai lake kuhusu umri wa taya lingeanguka baadaye. Uchunguzi uliofanywa miaka iliyofuata uliwaelekeza wataalamu wengi kuona kwamba taya la Kanam ni la binadamu wa nyakati za karibu zaidi kuliko tabaka lile, na kwamba kidevu chake kilionekana hivyo kwa sababu ya uvimbe wa mfupa. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya msomi aliyekosea na msomi asiyeaminika. Aliyekosea huheshimiwa, maana amewapa wenzake kitu cha kupima na kukosoa. Asiyeweza kuonyesha alikolitoa analolidai humwacha kila mtu gizani, yeye mwenyewe akiwamo. Picha nzuri isingelifanya taya la Kanam kuwa la kale. Ingelimfanya Leakey aaminike hata pale alipokosea.

Wapo wanaosimulia kisa hiki kana kwamba lawama ni ya Waluo waliong'oa vigingi. Sikubaliani nao. Sisi wanaisimu hufundisha kwamba alama haina maana ndani yake yenyewe. Maana hutokana na makubaliano ya wanaoitumia. Kwa Leakey kigingi kilisema kwamba hapa ndipo alipotoka mtu wa kale. Kwa mvuvi kigingi hichohicho kilisema kwamba hapa pana chuma kisicho na mwenyewe. Kila mmoja alisoma kwa lugha yake, na hakuna aliyesoma vibaya. Mtafiti aliyekulia katika lugha ya Kikuyu na kuitetea mbele ya wakuu wa Cambridge alipaswa kuliona hilo upesi kuliko Mzungu mwingine yeyote. Alama inayotegemea watu wasioshirikishwa katika maana yake haiwezi kudumu.

Matokeo yalikuwa mazito. Sifa zake Uingereza zilififia, na mambo ya nyumbani nayo yakamzidishia. Alikuwa ametengana na mkewe wa kwanza, Frida, na mwaka wa 1936 akamwoa Mary Nicol, mchoraji na mwanaakiolojia. Katika jamii ya wasomi wa wakati huo jambo hilo lilikuwa kashfa. Nafasi ya kudumu Cambridge haikupatikana. Akarudi Kenya, akaanza kuandika utafiti mkubwa kuhusu mila na maisha ya Wakikuyu, kazi iliyokuja kuchapishwa mwaka wa 1977, miaka mitano baada ya kifo chake.

Historia ya haki haiwezi kuficha upande wake mwingine. Wakati wa Hali ya Hatari Leakey aliisaidia serikali ya kikoloni, akaandika vitabu dhidi ya Mau Mau, na akawa mkalimani katika kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake kule Kapenguria. Mawakili wa washtakiwa walilalamikia tafsiri zake hata akajiondoa. Mtu aliyeijua lugha kuliko wageni wote alikuwa pia ameegemea upande mmoja, na umilisi wa lugha pekee haukutosha kumfanya mkalimani wa haki. Hilo nalo ni somo kwa wanaosomea ukalimani.

Turudi kwenye uchimbaji. Jambo la kumsifu Leakey ni kwamba alifunzika. Mwaka wa 1942 yeye na Mary walipata Olorgesailie uwanja uliotapakaa mashoka ya mawe kwa mamia. Badala ya kuyazoa yote, waliacha sehemu kubwa palepale yalipolala, na baadaye ikajengwa njia ya mbao ili wageni wapite juu yake wakiyatazama. Mwenye kwenda huko leo huona mawe yakiwa mahali pake, na mahali hapo ndipo pamebeba nusu ya thamani yake. Mnamo Oktoba 1948 wakawa tena katika maji ya Homa Bay, safari hii Kisiwa cha Rusinga, ambako Mary aliliona fuvu la Proconsul, nyani wa kale aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita. Fuvu hilo halikuleta mzozo wa mahali lilipotoka.

Kisha ukaja mwaka wa 1959. Leakey na mkewe walikuwa Olduvai. Walikuwa wamekubaliana wasianze uchimbaji mkubwa mpaka mpiga picha za filamu, Des Bartlett, awasili kutoka Nairobi, ili kila hatua inaswe tangu mwanzo. Tarehe 17 Julai, wakiwa bado wanamsubiri, Leakey alikuwa kambini akiugua mafua, na Mary akaenda kutembea akiangalia ardhi. Akaona meno mawili makubwa katika udongo. Lilikuwa fuvu la kiumbe waliyemwita Zinjanthropus, ambaye baadaye alipimwa kuwa na umri wa karibu miaka milioni moja na laki saba na nusu. Kamera ilipofika, fuvu lilikuwa bado ardhini. Dunia nzima ikaona likifukuliwa. Fedha za utafiti zikamiminika kutoka Marekani. Kati ya Kanam na Olduvai ilipita miaka ishirini na saba, na tofauti moja kubwa ni kwamba mara ya pili kamera ilingojewa.

Leakey hakuishia hapo. Mwaka wa 1964 yeye na wenzake walimpa jina Homo habilis, yaani mtu mwenye ustadi wa mikono. Aliwatuma Jane Goodall kwa sokwe wa Gombe, Dian Fossey kwa gorila, na Biruté Galdikas kwa orangutani. Alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru. Na Rasi ya Homa haikuacha kusema baada yake. Mwaka wa 2023 watafiti walichapisha habari za Nyayanga, mahali palipo katika rasi hiyohiyo, ambapo zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3 zimepatikana pamoja na mifupa ya viboko iliyochinjwa kwa zana hizo. Safari hii kila jiwe na kila mfupa umepimwa, umepigwa picha na kutiwa katika ramani. Leakey aliposhikilia kwamba ufuo ule umeficha mambo makubwa, hakukosea hata kidogo.

Msomaji ataniuliza, haya yote yanamhusu nini mwalimu wa Rongo, Awendo au Mbita ambaye hatachimba fuvu maishani mwake? Yanamhusu sana, kwa sababu sheria iliyomhukumu Leakey ndiyo inayohukumu kila kitu cha kale kilichomo majumbani mwetu. Nitatoa mfano wa kamera yenyewe, maana ni chombo kilichomtesa.

Katika miaka ileile ambapo Leakey alikuwa akihangaika na filamu zilizoharibika, kijana mwingine kule Tallinn, Estonia, alikuwa akibuni kamera ndogo mno. Jina lake ni Walter Zapp, aliyezaliwa Riga mwaka wa 1905. Mfano wake wa kwanza uliofanya kazi ulikamilika mwaka wa 1936, na kiwanda cha VEF mjini Riga kikaanza kuitoa kwa jina la Minox kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Ilikuwa na urefu wa sentimita nane hivi, inayofichika kiganjani, na picha yake katika filamu ilikuwa na ukubwa wa milimita 8 kwa 11 tu. Zapp alikusudia kila mtu awe na kamera mfukoni. Majasusi nao wakaipenda, na sifa ya ujasusi ikaifuata hadi leo. Zapp mwenyewe alifariki Uswisi mwaka wa 2003.

Tuseme basi kwamba mwanafunzi wa Migori amefungua kasha la babu yake aliyepata kuwa karani, askari au katekista, akakuta kijikamera cha namna hiyo. Ni kitu gani, na kina thamani gani? Swali la kwanza ni la utambuzi. Asikurupuke kukiita Minox kwa kuwa ni kidogo. Baada ya vita Japani ilitoa vijikamera vingi vya bei nafuu, vilivyofunikwa ngozi bandia, ambavyo vilikuwa karibu na vitu vya kuchezea. Minolta nayo ilitoa kamera zake za filamu ya milimita 16, na kiwanda cha Kiev kikaziiga. Minox ya kweli hufunguka kwa kuvutwa pande mbili, na husogeza filamu kwa kule kuvutwa na kurudishwa. Asome maandishi yaliyochongwa. Ya Riga ni ya chuma cha pua na ni nzito kwa umbo lake. Baadhi huitaja Latvia, na zile zilizotengenezwa baada ya Wasovieti kuiteka nchi hiyo mwaka wa 1940 huitaja Muungano wa Kisovieti. Zilizotoka Ujerumani baada ya vita, kuanzia mwaka wa 1948, ni nyepesi kwa kuwa mwili wake ni wa alumini, na huitaja Wetzlar. Ile iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1958 ina kidirisha cha kupimia mwanga. Kisha atazame nambari iliyochongwa na ainakili.

Swali la pili ni la thamani, nayo husimama juu ya mambo manne. Kwanza ni uadimu: za Riga zilikuwa kama elfu kumi na saba tu, ilhali zile za mwaka wa 1958 na baadaye zilitengenezwa kwa malaki. Pili ni hali yake: je, inafunguka na kufunga, je, lenzi haina mikwaruzo wala ukungu? Tatu ni ukamilifu: mfuko wake wa ngozi, mnyororo wake wa kupimia umbali, karatasi zake. La nne ndilo hupuuzwa na wengi, nalo ni historia ya kitu chenyewe. Ilinunuliwa wapi, na nani, mwaka gani, na ilipiga picha zipi? Kamera mbili zinaweza kufanana kwa kila kitu, lakini moja ikiwa na barua ya mwenyewe na picha alizozipiga, na nyingine ikiwa imetoka tu sokoni. Ya kwanza ni ushahidi wa historia. Ya pili ni chuma kilichofanyizwa vizuri.

Kwa hiyo kabla ya kuisugua kwa sabuni, kabla ya kuilazimisha ifunguke, na kabla ya kuichukua kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mwanafunzi huyo na aipige picha ilivyo, aandike ilikopatikana na iliyekuwa mali yake, amuulize bibi angali hai. Na ikiwa kuna uwezekano kwamba filamu imo ndani, asiifungue mwangani. Mwanga ndio uliomharibia Leakey. Huenda filamu hiyo ina sura za watu na nyumba ambazo hakuna mwingine aliyezihifadhi, nayo ikawa na thamani kuliko kamera iliyoibeba.

Migori haikosi mifano mikubwa zaidi. Karungu, katika Nyatike, Felix Oswald alikuja mwaka wa 1911 kukusanya mifupa ya wanyama wa kale kwa ajili ya makumbusho ya London. Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizopangwa bila saruji wala udongo wa kushikilia, zimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka wa 2018. Zingesimama kwa karne nyingine bila dunia kuzijua kama pasingekuwa na watu waliozipima, wakazichora, wakaandika simulizi za wenyeji. Mawe ni yaleyale. Kilichoongezeka ni daftari.

Pendekezo langu ni jepesi na halihitaji bajeti ya wizara. Kila shule katika kaunti hizi mbili na iwe na daftari moja la urithi, linalotunzwa na mwalimu wa historia akisaidiwa na mwalimu wa lugha. Kitu kikiletwa au kikionekana, iwe ni jiwe lililochongwa, chungu, jembe la zamani au kamera ya babu, kiandikwe kwa utaratibu: ni nini, kilionekana wapi hasa, tarehe gani, na nani, na wenyeji hukiitaje kwa Dholuo, Kisuba au Kikuria. Kipigwe picha kikiwa palepale kilipo, rula ikiwa kando yake ili ukubwa uonekane. Simu za siku hizi hupiga picha bora kuliko kamera ya Leakey, na nyingi huweza kurekodi mahali penyewe. Vitu vya akiolojia visichimbwe wala kuuzwa. Sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka wa 2006 inakataza, na inamtaka anayevigundua aarifu Makumbusho ya Taifa. Jina la lugha lisidharauliwe, kwa kuwa mara nyingi neno la wenyeji hueleza matumizi ya kitu ambayo mtaalamu wa mbali hawezi kuyabuni.

Na nafasi ya jina la aliyekiona isiachwe wazi. Kwa miaka mingi taya la Kanam limeitwa taya la Leakey. Aliyelitoa katika udongo ni Juma Gitau. Kwamba jina lake tunalijua leo ni kwa sababu liliandikwa. Wapo wachimbaji wengi wa misafara hiyo, Wakikuyu, Wakamba na Waluo, ambao mikono yao iliinua mifupa inayolindwa leo katika makabati ya Nairobi na London, na majina yao yakabaki nje ya daftari. Mifupa ya kale imeandikiwa nambari kwa wino, lakini waliokuwa hai wakati huo hawakuandikwa. Upotevu huo hakuna kamera itakayourudisha, lakini mwalimu mwenye kalamu anaweza kuzuia usijirudie katika shule yake.